Dereva aliyekosa njia: kisa cha mwanachuo na kipindi chake cha nne cha historia

Majina na kila alama inayoweza kumtambulisha mhusika au shule vimeondolewa.

Usuli

Mwanachuo nitakayemwita Rehema alikuja kwetu kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha, na mimi nikapangwa kuwa mwalimu wake mlezi. Nilimkabidhi mkondo mmoja wa kidato cha tatu, wanafunzi 44, vipindi vinne kwa wiki: viwili vya dakika 40, na viwili vilivyounganishwa. Azimio la kazi lilikuwa limefika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Somo lenyewe alilijua, huenda kuliko mimi katika baadhi ya maeneo. Alichokosa ni darasa. Chuoni alikuwa amefundisha wenzake, watu wazima wanaojifanya wanafunzi na wanaouliza maswali ya huruma, yale ambayo muulizaji tayari anajua kwamba mwenzake anayo majibu yake.

Vipindi vitatu vya kwanza

Vilikwenda kama vinavyokwenda kwa wengi. Andalio lake la kwanza lilikuwa na kazi kumi na moja za kufanywa kwa dakika 40. Alifika ya tatu. Aliandika ubaoni akiwa amewapa mgongo, na ubao ulipojaa alianza kufuta kushoto wakati safu ya nyuma bado inanakili huko huko kushoto. Minong'ono ikaanza, akadhani wanamdharau. Walikuwa wanaulizana neno lililofutwa.

Kipindi cha pili kilihusu miungano: Muungano wa Mataifa Matatu wa 1882, yaani Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia, na upande wa pili Ufaransa, Urusi na Uingereza, ambazo hadi kufikia 1907 zilikuwa zimeshaunganishwa na mapatano yao. Aliimudu imla vizuri. Katikati ya sentensi kuhusu hofu ya Ufaransa kwa jirani yake, mkono ulinyooshwa. Rehema aliacha kusoma, uso ukachangamka. "Madamu, kichwa cha habari tupige mstari mmoja au miwili?"

Baada ya kipindi cha tatu alikaa ofisini na daftari lake la maandalio limefungwa. "Mwalimu, wananisikiliza kama redio ya jirani," aliniambia.

Nikampa ushauri ninaowapa wanachuo wote, na ambao kisa hiki kimenifanya niurekebishe. Nilimwambia historia ni watu. Aanze na mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Awape hadithi.

Kipindi cha nne

Aliingia bila karatasi. Alichora mto ubaoni, barabara sambamba na mto, na mtaa mmoja unaochepuka kulia. Akaandika: Sarajevo, 28 Juni 1914.

Kisha akasimulia. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, yuko kwenye gari la wazi na mkewe Sophie. Kando ya mto, vijana kadhaa wamejipanga umbali umbali wakiwa na mabomu na bastola. Wa kwanza anaganda, gari linampita. Nedeljko Čabrinović anarusha bomu. Linadunda nyuma ya gari na kulipukia gari linalofuata. Anameza sumu, sumu haimuui. Anaruka mtoni, mto una maji ya kufika miguuni tu. Hapa darasa lilicheka, na Rehema akaliacha licheke. Msafara unafika ukumbi wa mji, halafu mrithi anataka kwenda hospitali kuwaona majeruhi. Njia inabadilishwa. Dereva haambiwi.

Alichukua chaki nyekundu akachora gari likikata kona kuingia mtaa wa kulia, ile kona ambayo halikupaswa kuikata. "Mtu ndani ya gari anapiga kelele: siyo huku! Dereva anakanyaga breki." Akanyamaza. "Na pale pale, hatua chache tu, amesimama Gavrilo Princip. Umri wake miaka 19. Alikuwa ameshakata tamaa, ameingia dukani kununua sandwichi."

Risasi mbili. Mrithi na mkewe wakafa asubuhi hiyo.

Kijana wa dirishani, ambaye kwa siku tatu alikuwa akizungusha bikari juu ya dawati, alikuwa ameisahau mkononi. Kengele ililia na hakuna aliyesimama. Kisha mwanafunzi mmoja wa safu ya pili, asiyesema sana, akauliza: "Madamu, hiyo sandwichi imeandikwa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Rehema akacheka pia, akasema ipo vitabuni, akanitazama nyuma ya darasa. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kwenye fomu ya uangalizi niliandika: "Vizuri sana. Darasa zima liko nawe."

Jaribio

Siku sita baadaye tukatoa jaribio fupi lenye swali moja la alama kumi: *Eleza kwa nini vita vilizuka Ulaya mwaka 1914.* Tulisahihisha pamoja mezani kwangu.

Karatasi 31 kati ya 44 zilisimulia mauaji na kuishia hapo. Dereva alitajwa katika 19. Sandwichi ilikuwemo katika 12. Miungano, ile waliyoinukuu kwa ukurasa mzima, ilitumika kama sababu katika saba. Mmoja aliandika, kwa mwandiko safi na hoja iliyonyooka kabisa: "Kama dereva angeijua njia vita visingetokea, kwa hiyo chanzo cha vita ni dereva." Mwingine aliandika kwamba Princip alikuwa na njaa.

Rehema alicheka kwa ile ya njaa. Alipofika ya nne ya aina hiyo aliweka kalamu chini.

Iliyomuumiza zaidi ilikuwa karatasi ya msichana mmoja hodari. Ukurasa mmoja na nusu, kila tukio kwa mpangilio wake, mpaka kina cha mto. Kwa mwongozo wa usahihishaji alistahili alama mbili. "Lakini ameandika nilichomfundisha," Rehema alisema. Ilikuwa kweli, na sikuwa na la kumjibu.

Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na mambo matatu ya kuamua.

La kwanza: tusonge mbele au turudi? Mwenzetu mmoja wa idara, mwenye miaka mingi kazini, alishauri tuwape nukuu za sababu nne zinazozoeleka, yaani miungano, mbio za silaha, ubeberu na utaifa, wakariri, twende mada inayofuata. Mtihani huuliza hizo nne, alisema, na hakukosea. Rehema alipinga, ingawa kwa sauti ya mgeni. Hoja yake ilikuwa kwamba wakipewa orodha watakuwa na vitu viwili visivyojuana: hadithi wanayoikumbuka na orodha wasiyoielewa, na siku ya swali gumu watakimbilia hadithi. Niliona ana haki. Tukatenga vipindi viwili vilivyounganishwa.

La pili: alama. Tulikubaliana jaribio lisiingizwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa lilipima ufundishaji wetu zaidi ya juhudi zao. Nitalirudia hili mbele.

La tatu: sandwichi. Swali la yule kijana lilikuwa limebaki kichwani mwa Rehema, na usiku wa usahihishaji alikwenda kutafuta. Aliipata alikoitoa: video aliyoitazama kwenye simu. Nyuma ya hapo hakukuwa na kitu. Princip na wenzake walishtakiwa Oktoba 1914, na katika kesi hiyo mkate haumo. Alikuwa amebaki jirani na njia iliyokuwa imetangazwa ya msafara, jambo la akili kabisa kwa mtu anayesubiri gari lirudi. Nami nilikiri kwamba nilitikisa kichwa kwa sababu niliwahi kuisikia mahali, nisikumbuke wapi.

Nilimshauri asahihishe kwa kupitisha, neno moja tu katikati ya sentensi, asije akapoteza heshima wiki ya pili. Alikataa. Alisema kijana aliuliza mbele ya watu akachekwa mbele ya watu.

Vipindi vya marudio

Alianza na hilo. "Wiki iliyopita niliwaambia Princip alikwenda kununua sandwichi. Mwenzenu akauliza imeandikwa wapi. Nimetafuta, sijaiona. Nilikosea." Kukawa kimya kidogo. Yule kijana aliinamia daftari, lakini masikio yalimsimama.

Kisha akaligawa darasa makundi sita kwa miji mikuu ya wakati ule: Vienna (Austria-Hungaria), Belgrade (Serbia), Berlin (Ujerumani), St Petersburg (Urusi), Paris (Ufaransa) na London (Uingereza). Kila kundi lilipewa bahasha ya vipande vya karatasi vyenye tarehe na tukio, bila sababu. Kazi yao kwa kila kipande: siku hii mngeweza kufanya nini kingine, na kwa nini hamkufanya?

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa vurugu. Kisha msichana wa kundi la Vienna, si yule wa ukurasa mmoja na nusu, akawa anahesabu kwa vidole. Kipande cha kwanza: 28 Juni, mauaji. Kipande chao kilichofuata: 23 Julai, Vienna yaipelekea Serbia, inayoilaumu kwa mauaji hayo, masharti na kuipa saa 48. "Madamu, hizi ni siku 25. Kama ni hasira, mbona hasira imengoja siku 25?"

Rehema alikuwa na jibu. Niliona mdomo ukifunguka. Akaufunga, akasema: "Waulizeni Berlin."

Kundi la Berlin lilikuwa na kipande cha 5 Julai: Ujerumani yaihakikishia Austria-Hungaria kwamba itaiunga mkono. Wakakisoma kwa sauti. Mtu wa Paris akasimama na chake: kuanzia 20 hadi 23 Julai Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa ziarani St Petersburg kwa rafiki zake Warusi, na Vienna ikasubiri aondoke. Hapo nikasikia kurasa zikifunuliwa. Walikuwa wanarudi kwenye nukuu za kipindi cha pili, ile imla ya mstari mmoja au miwili, kutafuta nani alikuwa rafiki wa nani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Mambo mengine yalikwama. Kundi la London halikuwa na la kufanya kwa zaidi ya nusu saa, kwa kuwa kipande chao kikubwa, ahadi ya 1839 ya kuilinda hali ya Ubelgiji kutofungamana na upande wowote, hakina kazi mpaka Ujerumani iingie Ubelgiji tarehe 4 Agosti. Wakapiga soga, wakakemewa, wakaendelea kupiga soga. Kisha Paris wakawauliza Berlin: "Ninyi mmegombana na Urusi, mbona mnatupiga sisi?" Berlin wakatazamana. Bahasha yao haikuwa na kipande chochote kuhusu mpango wa kivita wa Ujerumani, uliotaka Ufaransa ipigwe kwanza na kwa haraka, kupitia Ubelgiji, kabla jeshi kubwa la Urusi halijakusanyika. Rehema alisahau kukiandika. Ikabidi aeleze ubaoni, na kwa bahati ile, dakika tatu za kusikiliza baada ya swali lao wenyewe ziliingia kuliko imla yote ya nyuma.

Kengele ililia wakiwa kwenye 30 Julai, siku Urusi ilipoamuru majeshi yake yote yakusanyike. Agosti ikasogezwa kipindi kilichofuata. Katika hicho mmoja aliuliza, sasa nani mwenye kosa? Rehema aliwaambia kwamba mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 231, uliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita, na kwamba mwaka 1961 mwanahistoria Mjerumani Fritz Fischer alizua mabishano makubwa kwao kwa kuishika nchi yake mwenyewe kooni. Akawaachia hapo.

Matokeo

Wiki mbili baadaye tuliwapa swali lile lile bila kuwaonya. Walikuwepo 43. Karatasi 29 ziliunganisha angalau sababu mbili na tukio halisi la Julai. Nane ziliorodhesha sababu bila kuzifunga na chochote. Sita zilibaki na dereva.

Ninayoikumbuka haikuwa hata imemalizika: "Mauaji yalianzisha, lakini Austria ilingoja siku 25 mpaka Ujerumani ikubali, kwa hiyo kama Ujerumani isingekubali". Muda uliisha hapo.

Gharama ilikuwepo. Tulibaki nyuma ya azimio kwa wiki nzima, mwenendo wa vita ukafundishwa kwa kukimbizana, na jaribio la mada hiyo lilikuwa baya. Mwenzetu wa idara hakusema kitu. Hakuhitaji.

Uchambuzi

Ni rahisi kuihukumu hadithi. Mimi sihukumu hadithi. Ndiyo iliyomfanya kijana wa dirishani aisahau bikari, na ndiyo iliyowapa wote tarehe ya kuanzia kuhesabu; bila 28 Juni kukaa vichwani, hakuna ambaye angeshtuka kwa siku 25.

Tatizo nililiona nilipofungua upya andalio la kipindi cha nne. Lengo mahsusi lilisomeka: *mwanafunzi aweze kueleza mauaji ya Sarajevo.* Walieleza. Kwa kipimo chake chenyewe kipindi kile kilifaulu, na jaribio likauliza kitu kingine kabisa. Andalio hilo nililisaini mimi.

Pia kuna jinsi hadithi yenyewe ilivyojengwa. Kila kinachoifanya isisimue ni bahati: bomu linadunda, sumu haiui, dereva hajaambiwa, breki inakanyagwa mahali pale. Sandwichi ilinoga kwa sababu hiyo hiyo. Ukimsimulia mtu bahati tano mfululizo usishangae akihitimisha kwamba vita vilikuwa bahati. Huku upande wa pili miungano ilifundishwa bila mtu hata mmoja ndani yake. Rehema hakukosea kuanza na watu. Alikosea kuwaacha watu wote Sarajevo, asiwapeleke Vienna na Berlin walikokuwa wakiandika barua na kusubiri.

Ushauri wangu ulikuwa nusu ya ushauri. "Wape hadithi" ni maneno matamu kwa mwanachuo aliyevunjika moyo, nami niliyasema kwa kuwa nilitaka afurahi. Sikumwambia aichague hadithi kwa swali litakaloulizwa mwishoni. Siku hizi ninamwambia mwanachuo aandike kwanza swali la jaribio, kisha atafute hadithi inayolijibu, na ninaona wengine wakichukia kidogo.

Kuhusu kukiri kosa: hofu yangu haikuwa na msingi. Nidhamu haikushuka. Kilichotokea ni kwamba "imeandikwa wapi?" likawa swali la darasa, na ndani ya siku chache likawa pia mbinu ya kupoteza muda kabla ya jaribio. Rehema aliweka kikomo cha mawili kwa kipindi. Lilikuwa suluhisho la mtu aliyeanza kuwa mwalimu.

Shughuli ya makundi ilihitaji kazi ya London. Tungewapa kazi ya kutunza kalenda ubaoni na kuwauliza wengine maswali, wangejua kwa nini wanangoja. Makundi sita kwa watu 44 pia ni makubwa. Katika kila moja nilihesabu wawili au watatu waliobebwa, na nadhani wale sita wa dereva wengi walitoka humo.

Kuhusu alama sina uhakika hadi leo. Kufuta jaribio kulimwokoa msichana wa ukurasa mmoja na nusu. Lakini wale saba waliojibu vizuri mara ya kwanza walipoteza alama walizozitolea jasho, na mmoja wao alikuja ofisini kuniuliza kwa nini anaadhibiwa kwa makosa ya wengine. Nilimpa maelezo marefu. Hakuridhika, na sikutegemea aridhike.

Fomu ya uangalizi ina visanduku vya sauti, ubao, zana, nidhamu na matumizi ya muda. Hakuna cha walichoelewa wanafunzi, na ukikaa nyuma ya darasa unachokiona ni visogo vilivyotulia. Kwa wanachuo waliofuata nimehamia kiti cha pembeni, karibu na mbele, na dakika tano kabla ya kengele ninaomba madaftari mawili, moja kutoka kwa anayenyoosha mkono na jingine kutoka kwa asiyenyoosha. Ninaandika kwenye fomu nilichokikuta humo, pembeni, kwa kuwa nafasi yake haipo.